Firigisi ya Misikhu

Wafula alikufa kwa ugonjwa wa sukari, kifo cha watu wa kawaida, na nataka hilo liandikwe mwanzo kabisa kabla ya mengine. Kuna mwaka ambao mtu angeniahidi kwamba Wafula atapita miaka sitini, afe kitandani akiwa bado anagombana na muuguzi juu ya chai yenye sukari, ningelipa bila kuomba kupunguziwa. Na wanaonijua wanajua kwamba mimi huomba kupunguziwa hata maji ya kunywa. Tulimzika kwao Kamukuywa. Kijana wa kipaza sauti aliwaita watu mafungu kwa mafungu wasimame waonekane: wapwa, kanisa, mafundi wenzake wa redio, na mwishoni kabisa, karatasi ikiwa imemwishia, akasema, “Na rafiki ya marehemu kutoka Kitale, Mzee Njoroge.” Nikasimama peke yangu, fungu zima mimi. Kutoka upande wa akina mama waliokuwa wakimenya viazi, sauti ikauliza bila kujificha, “Si huyo ni Firigisi?” Hema zima likacheka, tena msibani. Nikavua kofia nikainama kidogo, kama mtu anayepokea cheo. Vijana walicheka kwa sababu wazee walicheka. Jina wamelirithi bila kisa chake. Kisa ni hiki.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane, ule ambao nchi nzima ilipiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya mtu wao mchana kweupe. Watu walilalamika, na haki walikuwa nayo. Mimi nilikuwa na langu la pembeni. Niliwatazama wamesimama juani nyuma ya mtu waliyemchagua, jirani zao wakiwaona, nikaona wivu. Niseme jambo moja waziwazi kisha tuendelee: Wafula alikuwa mtu wangu, nami nilikuwa wake. Siku hizo hakukuwa na jina la jambo hilo ambalo si tusi, kwa hiyo sisi hatukuliita chochote. Tulisema “sisi”, ikatosha. Mimi niliuza mitumba katika soko la Kitale, nguo zilizopita mpakani kwa njia ambazo hata leo usiniulize. Yeye alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, mtaa wa pili kutoka kwangu, na tulikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, tukidhani huo ni uzee.

Chumba chetu kilikuwa Tuwani, katika ploti ya vyumba vilivyotenganishwa kwa mabati, ambapo mtu akipiga chafya jirani yake humwombea afya. Kilikuwa na meza ya redio zilizopasuliwa matumbo, jiko la mafuta ya taa, kitanda kimoja kipana, na godoro la pili lililosimamishwa ukutani kwa ajili ya macho ya wageni. Godoro hilo halikulaliwa hata mara moja. Nilipoliuza baadaye nililiita jipya, na ni mara chache sana katika biashara yangu nimesema neno hilo bila kudanganya. Vijana wawili kukaa chumba kimoja hakukumshangaza mtu, mji ulikuwa ghali. Kilichowashangaza ni kwamba miaka ilipita na hakuna msichana aliyeonekana kuingia na sufuria. Kupitia mabati tulimsikia jirani yetu Mama Rose akimwambia mumewe, “Hawa vijana wawili si wana pesa kidogo? Ati hakuna hata mmoja anataka mke? Kuna kitu.” Mumewe akajibu, “Wewe pika.” Nilimpenda sana mume wa Mama Rose.

Mimi huwa siachi tatizo lilale bila kulitafutia bei. Kila Jumamosi nilitoa sketi moja kwenye robota, nikailowesha, nikaianika kwenye kamba mbele ya mlango wetu, mahali ambapo Mama Rose hangeweza kuikosa. Wiki ya tatu akaniuliza, “Njoroge, huyo mwanamke wenu anafua lakini haonekani. Ni malaika?” Nikamwambia anafanya kazi ya usiku hospitalini. “Na ana sketi moja tu?” Jumamosi iliyofuata nikaanika nyingine, kwa haraka, bila kutazama saizi. Mama Rose akasimama mbele ya ile kamba akaipima sketi kwa mikono yake miwili. “Alaa,” akasema, “kumbe ameshika mimba!” Siku hiyo Wafula alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mto. Naikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nikalihesabu mara mbili kama nihesabuvyo kila kitu, na jibu ni lile lile. Mimi uongo ule niliuchukua kama uongo wa soko, unausema asubuhi, jioni unafunga kibanda unauacha humo. Wafula alikuwa fundi. Fundi akijua kuna waya mahali fulani umeunganishwa vibaya, hawezi kulala, hata kama redio inaimba. Alianza kufungua redio kwa sauti kubwa kila tulipotaka kuzungumza, hata mazungumzo yenyewe yakiwa ya vitunguu. Halafu mazungumzo yakaisha, ikabaki redio. Akaacha kwenda kanisani kwa sababu aliona watu wa viti vya mbele wakigeuka. Nilikwenda mwenyewe kuthibitisha, nikaona walikuwa wakigeukia saa ya ukutani. Haikusaidia. Akaanza kurudisha redio za watu bila kuzitengeneza. Alikonda, mshipi wake nikautoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Mamake alisema amerogwa. Mhubiri akasema ni pepo wa uvivu. Kwenye duka la dawa wakasema ni malaria, wakampa vidonge vya malaria. Kila mtu alimtibu ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikuwa na dawa yake dukani. Hakuna aliyemuuliza anaogopa nini, na mimi niliyejua sikuuliza, kwa kuwa niliogopa kitu kile kile.

Kilichokuwa kimemkaba koo wakati huo ni ndoa. Mzee Makokha, ndugu ya marehemu babake, alikuwa amempatia msichana huko Misikhu, binti ya mzee wa kanisa aitwaye Barasa, na siku ya kupeleka wazee ilikuwa imeshawekwa. Msichana aliitwa Nekesa. Wafula alikuwa amemwona mara mbili, kwa chai, watu wote wakiwatazama. Alasiri moja nilifunga kibanda mapema kwa sababu ya mvua, nikamkuta ameketi kitandani, mikono mapajani, redio zote zimezimwa. Juu ya meza, kati ya nyaya, palikuwa na chupa ya dawa ya kuogeshea ng’ombe, ile sumu ya kupe. Haikuwa imefunguliwa. Nilisimama nikaitazama, maji yananichuruzika, na akili yangu ya biashara ikafanya hesabu fupi kuliko zote nilizowahi kufanya: sisi hatukuwa na ng’ombe.

“Hiyo ni ya nini?” nikamuuliza.

“Sijui.”

“Wafula.”

“Nimeinunua tu, Njoroge. Nimekuja nayo, nikaketi. Nilikuwa nakungoja, au nilikuwa sikungoji, sijui.” Alizungumza bila redio, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. “Nikimwoa huyo msichana nitakuwa nimemwibia. Nisipomwoa, Mama ndiye ataibiwa. Na nikisema kwa nini, wewe utachomewa kibanda. Nimepiga hesabu kama zako. Kila upande, mimi ndiye wa kupunguzwa.”

Sikuwa na maneno ya busara, na wala sijayapata tangu hapo. Niliichukua ile chupa nikaipeleka chooni, nikarudi nikamwambia kwamba hesabu amekosea, kwamba fundi wa redio hapaswi kupiga hesabu bila mfanyabiashara, na kwamba kuanzia siku hiyo hatakaa peke yake. Nilihamisha meza yake ya redio kutoka mtaa wa pili, nikaiweka ndani ya kibanda changu katikati ya nguo. Wateja wakija kujaribu makoti walimkuta hapo, wakamsalimu, ikambidi aitikie. Nikikwenda kuchukua mzigo nilikwenda naye. Watu wakasema tumeanza ubia wa biashara. Niliwaacha waseme, ubia ulikuwa uongo rahisi kuliko sketi.

Lakini siku ya Misikhu ilikuwa inakuja, na aliyenifungulia mlango ni Mzee Makokha mwenyewe. Alikuja Kitale kununua kamba za ng’ombe, akasimama kibandani akinitazama nikibishana na mama mmoja juu ya sweta. Mzee huyu aliwaita Wakikuyu wote Kamau. Ilikuwa inampunguzia kazi. “Kamau,” akaniambia yule mama alipoondoka, “wewe mdomo yako ni kali. Barasa anataka ng’ombe kumi na tatu na ataongeza ingine ya nyanya ya msichana. Utakuja na sisi. Sisi tutaongea mila, wewe utaongea bei.” Nikatazama upande wa Wafula. Alikuwa ameinamia redio, bisibisi mkononi haisogei. “Nitakuja, Mzee,” nikasema. Usiku huo nilimweleza mpango wangu: nitakwenda kushindwa. Nitabishana vibaya, nitaudhi, bei itakwama, tutarudi nyumbani na ng’ombe zetu. Wafula akaniangalia kwa huruma. “Wewe?” akasema. “Ushindwe?”

Alinijua. Sebule ya Mzee Barasa ilikuwa na vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu kilichoweza kukaa kimya, na viti vimepangwa kwa ukubwa, chake cha mwisho mwenyewe akiwa ndani. Njiani Makokha alinihadithia kwamba mzee huyu aliwahi kuhama kanisa kwa sababu mgeni alikalishwa kwenye kiti chake, akahama na familia nzima, mpaka mpiga ngoma wa kanisa. Upande wao waliweka mezani fungu la vijiti, kila kijiti ng’ombe. Upande wetu ukichukua fungu hilo unatoka nje, unanong’ona, unapunguza vijiti, unarudi kuviweka. Nao wanatoka, wanaongeza. Hakuna anayetaja ng’ombe hata mmoja, ni vijiti tu vinavyoingia na kutoka kama watu wenye aibu. Ulikuwa mtindo mzuri kuliko biashara yoyote niliyowahi kuona, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwa sababu uliniingia damuni. Nilianza kwa kutoa vijiti vitano kwa mkupuo, nikitumaini watakasirika. Badala yake shemeji yao mmoja akacheka. Nikatoa hoja ya kiangazi. Nikatoa hoja ya kupe. Wao wakataja elimu ya binti yao, kidato cha nne kizima. Nikauliza kama vyeti ndivyo vinavyokamua. Wazee wakapiga makofi mapajani. Tulikwenda raundi baada ya raundi, jasho linanitoka kwa raha, na nilipokuja kushtuka vijiti mezani vilikuwa vinane, Mzee Barasa anatikisa kichwa kukubali, na Mzee Makokha ananipiga mgongoni akisema, “Kamau! Mungu akubaliki!”

Nikamtazama Wafula. Alikuwa ameketi karibu na dirisha katika koti nililomchagulia mwenyewe, na uso wake ulikuwa ule ule wa alasiri ya chupa. Nilikuwa nimekwenda kumkomboa, nikamnunulia kamba kwa bei nzuri.

Wakatangaza chakula, kisha baada ya chakula msichana angeitwa aulizwe kama hizo ng’ombe ziliwe, yaani kama amekubali. Nikasema naenda kunawa, nikazunguka nyuma mpaka jikoni. Nekesa alikuwa peke yake na moshi, anapakua kuku kwenye bakuli, mdogo wake akiwa ametumwa kuchota maji. Sikujua nimwambie nini, nikaomba maji ya kunywa. Akanipa kikombe bila kunitazama. “Nimesikia mmefika nane,” akasema. “Sikujua mimi ni rahisi hivyo.”

“Dada, nisamehe. Ni ugonjwa wangu.”

“Na huyo rafiki yako, ugonjwa wake ni gani?” Akageuka, mwiko mkononi. “Ananiangalia kama mtu anaangalia mzigo wa mtu mwingine, anangoja mwenyewe aje achukue. Hanichukii, hilo naona. Lakini hanitaki. Si ndiyo?”

Katika maisha yangu nimeulizwa bei ya vitu vingi, na kila mara nilikuwa na majibu mawili, la kwanza na la kweli. Pale nilikuwa na moja tu. “Hakutaki,” nikasema, “na si kosa lako. Hatamtaka msichana yeyote. Na akilazimishwa, Nekesa, sijui kama atafika Krismasi.”

Aliurudisha mwiko sufuriani. Kuku alitoa mvuke kati yetu. Sijui alielewa kiasi gani wakati huo. Miaka baadaye aliniambia alielewa yote, na kwamba kilichomsaidia kuelewa ni koti la Wafula, kwa sababu hakuna mwanamume anayemchagulia mwenzake koti linalomkaa vizuri namna ile. “Mimi nataka kusomea uuguzi,” akasema. “Barua ya kuitwa imefika, Baba ameiweka chini ya Biblia, ati mume ndiye ataamua. Lakini nikisema hapana mbele ya wale wazee, nitalala nje. Hiyo hapana lazima itoke kwenu. Tena iwe kubwa. Ndogo Baba atasamehe, amewapenda.”

“Kubwa kama nini?”

Aliweka bakuli vizuri kwenye sinia, akachukua kwa kijiko ile firigisi, kile kipande kigumu kinachosaga chakula cha kuku, akakiweka juu kabisa ya nyama nyingine. Katika nyumba za huko kila mtu anajua ni ya nani. Firigisi ni ya mwenye nyumba, alama ya kwamba yeye ndiye kichwa. Mkewe haigusi, wanawe hawaigusi, mgeni hata awe askofu haigusi mpaka apewe kwa mkono. “Hii ni ya Baba,” Nekesa akasema, kana kwamba ananifundisha. “Hata kaka zangu wakubwa, wenye ndevu, hawajui utamu wake.” Kisha akabeba sinia, akanipita mlangoni. Na alipoiweka mezani mbele ya wanaume wote, aliizungusha kidogo, kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa sawa, mpaka firigisi ikawa upande wangu.

Mzee Makokha aliombea chakula, na aliomba kwa urefu, akamshukuru Mungu kwa wakwe wapya mmoja mmoja. Tukasema amina. Nikakata tonge la ugali wa wimbi. Nikanyoosha mkono, nikaichukua firigisi, nikaitia mdomoni.

Inachukua muda kuitafuna firigisi. Watu hawalifikirii hilo. Sebule nzima ilinitazama nikitafuna, na sikuwa na la kufanya ila kuendelea. Mzee Barasa mkono wake ulikuwa umesimama hewani juu ya bakuli, vidole vimefunguka. Mmoja wa shemeji akasema taratibu, “Amekula.” Mwingine akasema, “Hapana, bado anakula.” Na hapo, nikaona mpango wangu unataka kufa tena, kwa sababu yule mzee niliyeambiwa kwamba hasamehi alishusha mkono wake, akavuta pumzi, akasema kwa upole ambao sikuutarajia, “Ni mgeni. Ni mtu wa kabila ingine. Hajui.” Wote wakapumua. “Ndiyo, hajui!” Makokha akadakia. “Huyu ni Kamau tu, Mzee, kwao kuku ni kama njiwa!” Walikuwa wamenifungulia mlango mpana. Ningeweza kupita, nikaomba radhi, tukacheka, na ng’ombe wanane wangevuka kwenda Misikhu. Nilimtazama Wafula mara moja. Nikameza.

“Najua, Mzee,” nikasema. “Nimekulia Trans-Nzoia. Najua ni ya nani.”

Sijawahi kutoa bei ya juu kuliko neno hilo. Mzee Barasa alisimama. Kiti chake kikaanguka, na kwa jinsi alivyojali viti, hilo peke yake lilikuwa kubwa. “Umekula kichwa yangu,” akaniambia, “ndani ya nyumba yangu, na unajua?” Makokha akanifokea niombe msamaha. Sikuomba. Akaahidi kondoo wa faini. Barasa akauliza kama kondoo ana firigisi. Makokha, aliyekuwa na hasira zake pia, akasema kwamba hata hivyo kuku mwenyewe alikuwa mdogo. Basi. Vijiti vilifagiliwa kwa mkono mmoja, vikaruka mpaka kwenye vitambaa vya kufuma, na dakika chache baadaye tulikuwa barabarani, wazee wa Kamukuywa wakitembea mbele wananilaani kwa Kibukusu, mimi nyuma, na Wafula nyuma yangu.

Nilisikia sauti nikadhani analia. Niligeuka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba la mahindi, koti na yote, anacheka. Anajaribu kusema, anashindwa. Hatimaye akaweza: “Ilikuwaje?” Nikamwambia, “Ngumu. Ilihitaji chumvi.” Akaanguka chali kwenye mahindi ya watu.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba firigisi ni dawa. Wafula hakupona siku ile. Kulikuwa na majuma ambayo bado alikataa chakula, na mengine ambayo nilimwamsha, nikamvisha, nikamketisha kibandani kati ya makoti kama mtoto. Kilichosaidia, kama alivyoniambia mwenyewe baadaye, ni kwamba alikuwa amemwona mtu mmoja akijiaibisha mbele ya wazee kwa ajili yake na mbingu haikuanguka. Halafu kulikuwa na fundi wa trekta wa Kachibora, mtu wa makamo, aliyeleta redio yake kila Jumapili ingawa haikuwa na ubovu. Siku moja aliifunga redio hiyo akasema, “Vijana, mimi nimeishi hivi miaka mingi kuliko nyinyi, na nalala vizuri.” Wafula alimtengenezea chai, akakaa naye mpaka jioni, wakizungumza bila sauti ya kuwafunika. Nekesa alikwenda kusomea uuguzi mwaka uliofuata, kwa kuwa babake alisema heri chuo kuliko watu wa aina yetu. Akaolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe. Na ndiye muuguzi ambaye Wafula aligombana naye juu ya chai mpaka mwisho, Nekesa akimchoma sindano na kumwita “bwana yangu wa vijiti vinane”.

Mimi nilibaki na jina. Sokoni nikipita kwenye mabanda ya chakula wanawake waliitana, “Ficheni kuku!” Hakuna familia iliyoniita tena kwenda kuongea bei, mimi ambaye nilikuwa na kipaji. Mamake Wafula hakunijibu salamu kwa muda mrefu, mpaka alipoona mwanawe amenenepa, akaanza kututumia vitunguu bila ujumbe. Jina hilo lilinifuata hadi miaka ya tisini, ile miaka mibaya watu wa kabila langu walipokuwa wakihama na magodoro kichwani, na mara moja liliniokoa. Vijana walionisimamisha walisikia mwenzao akisema, “Huyo ni Firigisi, mwacheni,” wakacheka, nikapita. Kwa hiyo sijawahi kulikataa. Wengine wana medali. Na kila tulipochinja kuku Tuwani, na baadaye katika nyumba tuliyojenga Kamukuywa kwenye ploti ya Wafula, ile ambayo mabati yake niliyabishania karatasi kwa karatasi, firigisi tuliikata vipande viwili, sawasawa. Yeye alipima kwa jicho la fundi, mimi nikapima tena.

Baada ya mazishi, hema likiwa linashushwa, waliitwa wazee wachache ndani ya nyumba hiyo kula. Nekesa ndiye aliyepika. Mzee Makokha, aliyepita miaka themanini, alikuwa ameketi kwenye kiti cha Wafula, fimbo katikati ya magoti, na tangu asubuhi hakuwa ameniambia neno. Nekesa alileta sinia, akaiweka mbele yake kama desturi ilivyo, yeye akiwa mkubwa wa wote, firigisi juu. Sinia hakuizungusha.

Mzee aliitazama firigisi. Kisha akauliza, bila kumlenga mtu yeyote hasa, “Mwenye nyumba hii ni nani?”

Mpwa mmoja akasema, “Si tumemzika leo, Baba.”

“Nimeuliza mwenye nyumba. Sijauliza marehemu.” Akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono juu ya meza nzima, juu ya mikono ya wapwa na wazee, mpaka kwenye sahani yangu. “Kula, Njoroge,” akasema. Na kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiria, akaongeza kwa hasira, “Mimi meno sina.”

Hakuna aliyecheka. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia mikono. Nikaomba kisu, nikaikata vipande viwili kwa mazoea, nikavipima, nikavipima tena. Nikala kimoja. Nikakitazama kile cha Wafula. Kisha, kwa kuwa nilikuwa mwenye nyumba, nikala na cha pili.